Sketi Iliyopanda Peke Yake

Fundi cherehani huyu watoto wa mtaa walimpachika jina la Pindo, na alistahili kabisa. Sare ya shule iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na kitambaa kingi ndani kuliko nje. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe ametumbukizwa kwenye gunia, Pindo alimjibu bila kuinua macho, "Hii nimemshonea mtoto wa mwaka kesho, mama. Huyu wa mwaka huu anaazima tu." Mwaka kesho ukifika, mzazi yuleyule alirudi mpole kama maji ya mtungi, Pindo akafumua, akashusha, akapiga pasi, mambo yakaisha.

Kwa hiyo watoto aliwajua kwa mapindo yao. Alimjua aliyenenepa kwanza ndipo akarefuka, aliyerefuka likizo moja mpaka akawa anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, na yule aliyeng'oka meno ya mbele akaota mengine makubwa kuliko uso. Umri ule wa baada ya chekechea na kabla ya ndevu na chunusi aliupenda kuliko wote. Mtoto hamwagi tena uji kifuani, na bado haoni haya kushikana mkono na baba yake barabarani.

Mtoto aliyemnyima raha alikuwa wake mwenyewe. Binti wa miaka minane, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alikuwa wa kwanza darasani kila asubuhi, si kwa alama, ila kwa sababu mstari ulipangwa kwa kimo. Pindo la sketi yake lilikaa vilevile tangu siku lilipopindwa. Shangazi yake Kifungo, dada mkubwa wa Pindo, alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya Kifungo na kumzidi kichwa kizima, na kila alipokuja aliwasimamisha mgongo kwa mgongo.

"Huyu mnamlisha kweli?" aliuliza, huku akivua viatu.

Pindo alicheka, lakini neno hilo lilimchoma. Alikwenda mpaka zahanati, muuguzi akampima mtoto, akasema ana afya tele, wengine hurefuka mapema na wengine baadaye, avute subira. Pindo aliitikia kwa kichwa. Subira yenyewe hakuwa nayo hata ya kuonja.

Kifungo hakuwa na habari na kimo. Yeye roho yake ilikuwa kwenye cherehani, ile nyeusi ya miguu iliyokaa mlangoni pa kibanda cha baba yake. Alikuwa akiitaka tangu anajua kusema "nataka."

"Miguu ikifika kwenye pedali, utakaa," baba yake alimwambia siku moja.

"Itafika lini?"

"Sketi ikipanda juu ya magoti. Hapo tutajua miguu imerefuka."

Ndivyo anavyoahidi mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa pindo. Aliitoa ahadi hiyo huku anakata suruali, na kabla mkasi haujafika kiunoni alikuwa ameshaisahau. Mtoto aliiweka moyoni.

Basi, muhula wa pili, sketi ikaanza kupanda.

Mwanzoni Pindo alidhani macho yanamcheza. Baadaye magoti yakatokeza nusu. Kabla muhula haujaisha yalikuwa nje yote mawili, yana vumbi na makovu ya kuanguka. Fundi mwenye macho yake angeuliza mbona sketi imekuwa nzito chini, inabembea kama kengele. Huyu hakuuliza, kwa kuwa hakutaka kuuliza. Furaha ilimjaa mpaka akawa anaimba hata akishona vifungo.

Alikwenda kwa seremala, jirani yake wa ukuta mmoja, akamwonyesha Kifungo anayerudi shuleni. "Umemwona? Anapaa."

Seremala alifumba jicho moja, kama anavyofanya akikagua ubao uliopinda. "Mimi namwona palepale."

"Wewe unajua mbao. Mbao hazikui."

Jumamosi Pindo akamwita dada yake makusudi, aje ashuhudie. Dada akaja na mwanawe. Seremala naye akasogea mlangoni na kikombe cha chai, maana cha bure hakimpiti. Kifungo akakumbusha ahadi ya cherehani, basi Pindo akafuta kiti chake kwa kiganja, akamtaka binti yake aketi. Kifungo aliketi polepole, amejinyoosha mgongo, mikono juu ya meza ya cherehani. Chini, miguu yake ilining'inia. Kati ya soli zake na pedali ungeweza kupitisha sufuria.

Shangazi aliinama kuchungulia. Kisha akasema, "Labda kiti ndicho kilichokua."

 Pindo alimtuma Kifungo abadili nguo, akaichukua ile sketi, akaipindua juu ya meza. Kitambaa chote alichokificha siku ya kuishona kilikuwa bado ndani, tena kimekunjwa na kukunjwa tena, kinene kama mkanda. Alivaa miwani. Mishono ilikuwa midogo, imepangana sawasawa, na kwa nje haikuonekana hata mmoja.

"Hii kazi yangu," alisema, akajishangaa, kwa sababu hakukumbuka kuifanya. Ndipo alipoona. Pindo alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mishono yake ililalia upande mmoja. Hii ililalia upande wa pili.

Akafumua. Chini ya pindo hilo kulikuwa na jingine, mishono yake mikubwa kidogo, hapa na pale imevutwa mno. Chini ya hilo, la tatu, na huko uzi ulikuwa umekwenda mrama kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Alirudi juu, akashuka, akarudi juu tena. Muhula mmoja tu, mkono huohuo.

"Nani kashona hapa?"

Kifungo alikuwa amesimama mlangoni na gauni la nyumbani. "Mimi."

"Saa ngapi?"

"Ukienda kupeleka nguo za watu."

"Na nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Mjanja huyo," shangazi akadakia. "Usimchekee."

Pindo hakucheka bado. "Kama ulitaka ifupike, mbona hukukata?"

"Nikikata kitambaa kinapungua, Baba. Nikikunja kipo vilevile. Nikikua kweli, unafumua tu."

Pindo akaweka sketi chini. Miaka michache nyuma alimpindia mtoto huyuhuyu gauni, naye akalia mchana kutwa kwamba ameibiwa nusu ya nguo. Pindo alikunja na kukunjua mbele yake mpaka akachoka, mama yake naye akajaribu kwa shuka, na mtoto akashikilia hapohapo, gauni limekuwa dogo, nusu imekwenda. Sasa nusu hiyo alikuwa ameipata, na akaitumia kumzungusha baba yake.

"Na ulijuaje kwamba sitagundua?"

Kifungo alifikiri, akajibu kwa upole, kama anayemwonea huruma. "Wewe huwa huniangalii kichwani. Unaangalia pindo."

Seremala alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Pindo aliona aibu, tena nzito, kwa vile alivyomtangaza mtoto mtaa mzima kwa kimo ambacho hakikuwapo. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na furaha kubwa kuliko yote aliyokuwa ameiimba muhula mzima. Alikuwa amekesha kwa kuhofia kwamba mwanawe hakui, kumbe alikuwa anakua mbele ya pua yake, kuanzia juu.

"Uongo ni uongo," alisema, akijitahidi kuwa mkali. "Mapindo yote matatu utafumua wewe mwenyewe, na Jumatatu unavaa sketi ndefu."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe," akamgeukia seremala, "acha kunichekea, nenda kanichongee kibao cha kufunga juu ya pedali. Kinene."

Shangazi alimshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Kibao kikafungwa kwa skrubu mbili, na Kifungo, miguu juu yake, akashona vitambaa vya kufutia vumbi, kisha mito, kisha mifuko ya suruali. Shangazi mwenyewe alimletea suruali ya mwanawe, akisema anapita tu. Na miguu nayo, kwa wakati wake, ikaamka. Kila sketi ilipopanda kwa haki, seremala alikiitisha kibao, akakipiga randa, akakirudisha kikiwa chembamba zaidi. Kilifika unene wa daftari, kikafika unene wa kipande cha sabuni inayokwisha. Siku moja Pindo alikikuta kimewekwa juu ya rafu karibu na chaki, na pedali ipo tupu, ina mguu juu yake.

"Kilikuwa kinanisumbua," alisema Kifungo bila kuinua macho.

Alikuwa na miaka kumi na moja, na alikuwa anamalizia sketi yake ya darasa linalofuata, ya kwanza kuishona mwenyewe tangu kukata mpaka kifungo. Pindo aliichukua aikague. Kiuno sawa, zipu sawa. Akaipindua chini, akapima pindo kwa vidole. Halikuwahi kutoka pindo kubwa namna ile katika kibanda chake.

"Hii sketi au pazia?"

"Sketi."

"Na kitambaa chote hiki ndani?"

"Bado nakua, Baba," alisema Kifungo, akakata uzi kwa meno.

Pindo akamgeuzia mgongo, akaanza kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.