Kaburi la Katarina

Jirani yangu anapaka nyumba chokaa kwa ajili ya Idi, na harufu yake mbichi imenikumbusha jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Wewe nakwambia.

Nilikuwa darasa la tatu, najua kusoma, nina majivuno tele. Bibi mzaa baba alinichukua kwetu Nkowe alfajiri, tukapitia Nachingwea, tukashuka kwenye mji wa misheni. Kanisa la enzi za Wajerumani lilikuwa limekarabatiwa na kupakwa chokaa upya, watu wakimiminika kulitazama, hata Waislamu kama sisi.

Bibi hakufuata kanisa. Dada yake alipelekwa pale kutibiwa ukoma, wote wawili wangali wasichana, akafia huko. Mama mmoja aliyepona ndiye aliyeleta habari kwamba alibatizwa, akazikwa kwa jina la Katarina. Bibi hakujua kusoma. Alitaka amsomee Fatiha kaburini kabla hajamfuata.

"Soma taratibu, mjukuu wangu. Usiruke hata jina moja."

Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, na majina yamechongwa kwenye misalaba ya mbao. Nikasoma kwa sauti, Yohana, Anastasia, Benedikta, Bibi akinifuata, pindo la kanga mdomoni. Jua likawaka. Kupitia mlango wa pembeni niliwaona watoto wenzangu wakishangaa vioo vya rangi, roho ikanitoka kwa wivu. Safu ya mwisho ilikuwa imemezwa na upupu. Wewe unaujua upupu: ukikugusa, utajikuna mpaka ulie.

"Yamekwisha, Bibi."

"Yote umesoma?"

"Yote."

Aliniuliza mara tatu. Kisha akasema polepole, "Basi walimtupa," akakaa chini palepale kwenye vumbi. Mimi nikakimbilia kanisani, na nilifurahi sana humo ndani. Mpaka leo naona aibu kwa furaha ile. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi sikujua hata kama kulikuwa na mzigo.

Mwaka jana nilirudi peke yangu. Upupu umefyekwa, lakini misalaba ya safu ile imeliwa na mchwa, hakuna jina lililobaki. Huenda Katarina alikuwepo, huenda hakuwepo. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba Bibi hakuwa na njia nyingine ya kujua ila kinywa changu. Alikufa akiamini dada yake alitupwa porini, na imani hiyo nilimpa mimi, kwa kuogopa kujikuna.