Somo wa Skuli

Mimi nikitaka kujua jambo situlii. Mwaka ule skuli yetu ilipoanzisha masomo ya hiari nilitaka kujua jambo moja tu: mkoba wa Bi Kazija una nini ndani.

Skuli yetu iko Malindi ya Unguja, karibu na bandari, na wanafunzi wetu ni mchanganyiko, wasichana kwa wavulana. Mwalimu mkuu alirudi mkutanoni na fikra mpya. Alkhamisi mchana vitabu vifungwe, kila mwanafunzi achague anachokipenda: kuchora, mazoezi ya viungo, au stadi za maisha. Somo la kuchora akalichukua Mwalimu Alifiya. Mazoezi akapewa Mwalimu Abdulhakim, ambaye hata chai anainywa huku anarukaruka. Stadi za maisha likakosa mwenyewe. Mimi Faiza, mwalimu wa jiografia, nikapewa kusimamia ratiba, kwa sababu nna ulimi na wenzangu wananiogopa.

"Nitafutie mtu mzima anayejua mambo ya nyumbani," mwalimu mkuu akamwambia Abdulhakim. "Wa kushika somo la stadi za maisha."

Abdulhakim anakaa Jang'ombe. Alipofika kwao akamwambia mama yake, skuli wanataka somo wa maisha, nani anafaa? Hiyo "la" ilimdondoka wapi njiani sijui, maana ulimi wa Abdulhakim una mbio kuliko miguu yake. "Somo la" ni la ubaoni, kila mtu analijua. Lakini kwa mwanamke wa Unguja, "somo wa" ni mtu. Ni yule bibi anayemfunda mwari kabla ya kuolewa, mlango umefungwa, na yanayosemwa humo hayatoki. Mama mtu wala hakujiuliza.

"Somo? Yupo nani zaidi ya Kazija?"

Na kweli, zamani nusu ya maharusi wa Jang'ombe walipita mikononi mwa Bi Kazija. Siku hizi watoto wanakwenda saluni, mengine wanajifunza kwenye simu, na mlango wake ukawa haugongwi. Akawa anakaa kibarazani anashona makawa ya kufunikia chakula, na majirani hawakuacha kumtania kwamba kazi yake imekufa yeye yu hai. Basi ulipomfikia ule wito akautangaza mtaa mzima. "Skuli wameniita! Nshakuwa mwalimu!" Akashona buibui jipya. Waliokuwa wakimcheka wakafyata. Sasa fikiria mwenyewe, angerudishwa siku ile ile, angeutia wapi uso wake?

Alkhamisi akaingia uwanjani ananukia udi, mkoba wa ukili begani, mdomo wa mkoba umefungwa kwa kamba. Macho yangu yakaganda kwenye mkoba. Mimi niliolewa Dar es Salaam nikiwa chuoni, sikufundwa na mtu, na mpaka leo sijui masomo huwa wanasema nini huko ndani. Wallahi inaniuma.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Wari wangu wako wapi?"

Wari? Nikaona hapa pana jambo. Nikampeleka darasani, akafungua mlango, akachungulia, akaufunga pole pole.

"Mwalimu, mna wanaume humu."

"Ndiyo, Bi."

"Wanatoka saa ngapi?"

"Hawatoki. Wamechagua wenyewe." Walikuwa wamejaa, maana walisikia kutakuwa na kupika, na kupika kwao maana yake ni kula.

"Astaghfirullah! Mimi niwafunde wanaume?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kicheko kikanijaa, nikakiuma. Nikamkalisha kwenye benchi nje ya darasa nikamweleza habari ya "la" na "wa", vile mwalimu mkuu alivyosema na vile ilivyomfikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkoba kaupakata.

"Kwa hivyo hamkuniita mimi," akasema.

Kicheko changu chote kikakauka. Nikaona aibu, nikamsihi abaki, awafundishe kupika tu, nani atajua?

"Kupika mtu yeyote atawafundisha. Mimi kazi yangu ni moja, na haisemwi mbele ya wanaume." Akainuka, akajifunga buibui lake jipya.

Mara mlango ukafunguliwa akatoka Suhaib, nahodha wa timu ya mpira, kijana mrefu huyo na ndevu zishaanza.

"Shikamoo, Bi. Leo tunapika?"

Bi Kazija hakumjibu. Alikuwa anamtazama kifuani. Shati lilikuwa limebanwa kwa pini za stepla.

"Kifungo kimekwenda wapi?"

"Kimekatika, Bi."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Ramadhani! Na mbona hukukishona?"

"Mama kasafiri. Yuko Pemba, anamuuguza bibi."

"Nakuuliza wewe, unanijibu mama." Akamsogelea. Hakuwa anagomba, alikuwa anataka kujua hasa. "Na chakula?"

"Dada anapika."

"Dada akitoka?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Arudi," akasema Suhaib, na akanitazama mimi nimwokoe.

"Ehe. Na mkeo akizaa, yuko kitandani hajiwezi, naye utamsubiri?"

Madirishani vichwa vimejaa, hata wasichana wameacha kucheka. Bi Kazija akakaa tena kwenye benchi akanigeukia mimi.

"Mume wangu alikuwa hivi hivi. Nlishikwa na homa, wali umeshaiva uko jikoni, bwana kakaa na njaa yake tangu alasiri mpaka Isha, kanuna, ati sikuinuka kumpakulia. Siku ya pili akaniacha. Nikasema kosa langu mimi, sikufundwa vizuri. Ndiyo sababu nikawa somo, yasimkute mtoto wa mwenzangu." Akamnyooshea kidole Suhaib. "Umri wangu wote, Faiza, nawafunda wanawake wakaishi na hawa. Hawa kawafunda nani?"

Nna ulimi mimi, lakini siku ile nilimfungulia mlango tu.

Akaingia darasani. Wasichana akawaambia waende wakachore, zamu yao itakuja. Akafungua kamba ya mkoba, na mimi huyo, shingo nje! Ikatoka sindano, ukatoka uzi, kikatoka kipande cha kanga kuukuu. Kisha mkono ukazama chini kabisa, akaniona namchungulia, akausitisha.

"Weye ushaolewa, ushachelewa. Toka."

"Bi Kazija, mimi ndiye msimamizi!"

"Simamia huko nje. Suhaib, funga mlango. Sikilizeni, yanayosemwa humu hayatoki."

Nikabaki nje ya darasa langu mwenyewe, sikio kwenye mbao. Nilisikia wamecheka, kisha wakanyamaza muda mrefu, na katika kunyamaza huko nikaona kama nitapasuka. Walipotoka, shati la Suhaib lilikuwa na kifungo, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kimekwenda upande. Nikamshika mkono.

"Kakwambieni nini?"

"Hayatoki, mwalimu." Na kwa adabu zote! Nusura nimfinye.

Habari ikafika Jang'ombe kabla ya Bi Kazija. Wakamcheka upya, na safari hii kwa sauti: Kazija kawa somo wa wanaume! Yeye akazidi kuja kila Alkhamisi, wavulana wanaongezeka, Abdulhakim analalamika uwanja wake umebaki mtupu. Lakini mlango wake wa nyumbani ulikuwa bado haugongwi, na hilo lilimuuma, nilikuwa namwona.

Mpaka alipogonga Bi Ulfat, jirani yake, yule aliyecheka kuliko wote. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kumdadisi kama kawaida yangu. Bi Ulfat anamwoza binti yake, saluni kashalipia, lakini moyo umemtuma kuja kumtaka Bi Kazija amfunde mtoto.

"Mwanamme mwenyewe wa wapi?" akauliza Bi Kazija, mkono hauachi kushona kawa.

"Wa Fumba. Kijana mzuri, mpole."

"Kafundwa?"

Bi Ulfat akacheka. Akanitazama mimi, nami sicheki. Kicheko chake kikaisha pole pole.

"Binti nitampokea," akasema Bi Kazija, "lakini nileteeni kwanza huyo bwana harusi. Avae shati lililokatika kifungo."

Bi Ulfat akavuta mtandio wake.

"Aje siku gani?"