Masanduku Mawili Yenye Kufuli

Fundi bati wa mtaa wa Kashai hakuniamini tangu siku ya kwanza, na mimi sikumwamini yeye, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Nilimpelekea pikipiki kuukuu ya Kiingereza niliyoinunua kwa padre mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nilikuwa nimepakia magunia bandarini Bukoba miaka miwili bila kuhama, jambo ambalo halijanitokea tena maishani, na nilipoipata pikipiki ile niliacha kazi siku ya pili yake. Shule nayo nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Ramani ilitundikwa juu ya ubao na mwalimu hakuturuhusu kuisogelea. Sasa nilitaka kuteremka Muleba, nipite Biharamulo, nizunguke ziwa mpaka Mwanza, halafu niendelee tu hadi barabara ichoke kabla yangu.

Padre aliniachia mifuko miwili ya ngozi ya kuning'iniza nyuma. Ilikuwa mizuri kuitazama. Nilipokwenda nayo Muleba mara ya kwanza, mvua ilininyeshea njia nzima, na unga niliobeba ukawa uji kabla haujaona moto. Nguo zilitoa rangi ya ngozi kwa majuma mawili. Ndipo nikaamua kwamba safari ndefu inataka masanduku magumu, yenye vifuniko na kufuli.

Nilizunguka mji mzima nikitafuta. Mzee mmoja aliyepigana Burma alinionyesha masanduku ya risasi aliyokuwa akiwekea maharage. Vifuniko vyake vilikuwa na mpira pembeni. Aliapa kwamba hata ukilitupa ziwani halinywi maji. Nililiinua likiwa tupu na mgongo ukanijibu. Mawili ya namna ile yangeilaza pikipiki kwenye kona ya kwanza yenye utelezi. Tena yalikuwa na namba za jeshi, za rangi ya njano, na miaka ile mtu mwenye namba za jeshi asizoweza kuzieleza alikuwa akieleza mpaka jioni. Seremala naye alinitaka nichukue mbao. Mbao zinakunywa maji kimya kimya, halafu zinapasuka zikikauka. Nikabaki na bati.

Bati nalo si moja. Fundi alitaka kunitengenezea ya madebe ya mafuta ya taa huku akisema ni bati la pipa. Niligonga kwa kidole. Debe hulia muda mrefu kama mtoto aliyedekezwa. Bati la pipa hujibu mara moja likanyamaza.

"Hili ni debe," nikamwambia.

"Nshomile," akasema. Kwetu neno hilo lina maana ya mtu aliyesoma, na anayejiona kwa sababu hiyo. "Darasa la ngapi walifundisha kugonga mabati?"

"Darasa la bandarini."

Akaenda nyuma ya kibanda akarudi na pipa. Tukakubaliana. Ila nilipompa vipimo akaweka nyundo chini. Sanduku la kushoto nililitaka lenye kina cha mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. La kulia nililitaka fupi kwa vidole sita.

"Mbona moja lina kina na jingine halina?"

"Ekzosi, bomba la moshi, iko kulia. Sanduku likishuka hadi pale litaunguza vilivyomo."

Aliinama akaitazama ile ekzosi kana kwamba niliifunga usiku uliopita ili nipate sababu. "Nimeshawahi kuagizwa masanduku ya namna hii," akasema polepole. "Nje sawa, ndani si sawa. Mwenyewe sasa hivi analima shamba la serikali."

"Langu si sawa hata nje. Tazama."

"Ndiyo ujanja wenyewe."

Kisa chake kilieleweka. Kahawa iliuzwa kwa chama cha ushirika peke yake, na upande wa pili wa mpaka, Uganda, watu waliilipia vizuri zaidi. Kila mwenye chombo kilichofungwa alikuwa mshukiwa mpaka akifungue. Hata hivyo alinitengenezea. Siku ya kuyachukua niliyajaza maji nikakaa nayo kibarazani kwake nikingoja, maana sanduku lisilotoa maji haliingizi mvua. La kushoto lilitoa tone kwenye kona. Aliliziba upya kwa risasi ya kuyeyusha, akalalamika, nami nikalijaza tena. Halikutoa kitu.

Kikabaki kibali. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na kijana asiye na shamba wala kazi aliitwa mzururaji. Wazururaji walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kulima. Nisingeweza kufika Biharamulo bila barua ya balozi wa nyumba kumi kusema mimi ni nani na nakwenda wapi. Bila barua ile pikipiki ingebaki kituo cha polisi nami ningepanda lori.

Balozi wetu alikuwa mtu wa chama na mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, aliyevaa kaunda suti moja iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alikuja mwenyewe uani kutazama masanduku.

"Mawili," akasema. "Mjamaa ana sanduku moja, ndugu."

"Moja peke yake litaipindua pikipiki, mzee."

Aliingiza fimbo yake katika la kushoto, akaweka alama kwa kidole gumba, akaingiza katika la kulia. Akatazama tofauti. Macho yale yalinitisha kuliko maneno ya fundi.

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kuona."

"Kuona nini?"

"Nchi."

"Nchi iko hapa." Alionyesha migomba ya jirani kwa fimbo. "Ondoa kufuli hizo kwanza. Mtu asiye na siri hafungi."

"Na wezi, mzee?"

"Unasema mtaa wangu una wezi?"

Akaondoka bila kuandika. Kwa juma zima kila nilipopita mlangoni kwake alikuwa na mgeni, au anakwenda kanisani, au hana wino. Nilianza kuamini kwamba jina langu limeshaingia kwenye orodha ya lori.

Kisha asubuhi moja alikuja tena, peke yake, akafunga lango la ua nyuma yake. Alizipima kufuli kwa mkono wake kama anayezipenda.

"Hili la kushoto," akasema, "likifungwa, mtu wa nje hawezi kuchungulia?"

"Hawezi."

"Wala harufu haitoki?"

Akaniambia ana mzigo mdogo wa kwenda kwa mama yake, kijijini Buganguzi. Hataki uende kwa basi, kwa sababu huko mizigo inafunguliwa mbele ya kila mtu, na nusu ya abiria ni watu wa kwao. Ataniandikia kikaratasi cha siku mbili. "Ukirudi salama, barua yako ya Mwanza utaikuta tayari."

"Ni nini, mzee?"

"Ni mzigo wa mama. Usiufungue."

Mtu aliyeniambia kwamba asiye na siri hafungi! Nilikubali, maana sikuwa na njia nyingine, lakini nilipofunga kufuli nilikuwa nimeshapanga mambo yote kichwani. Ama ni kahawa na mimi ndiye punda, ama ni mtego na mgambo wamekwishaambiwa wanisubiri. Katika yote mawili pikipiki ilikuwa imekwenda.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kabla ya Kemondo. Nilisimama mbali nacho, kwenye bonde ambapo barabara inapita kati ya mafunjo, nikaiegemeza pikipiki na kulifungua sanduku. Mzigo ulikuwa umeviringishwa gunia na kufungwa kwa kamba za mgomba. Ulikuwa mwepesi mno kuwa kahawa. Wepesi huo ulinizidishia wasiwasi. Niliunusa: moshi, na kitu kama mti mbichi. Nikaifungua kamba.

Ilikuwa orubugo, nguo ya gome la mti iliyopigwa kwa nyundo mpaka ikalainika, nyekundu kama udongo wa kwetu, imekunjwa mara nne. Nilimwona babu yangu akiviringishwa katika nguo kama ile kabla ya kushushwa kaburini. Haitumwi kwa mtu aliye hai. Nilisimama pale na mikono yangu juu yake, kisha nikaikunja na kuifunga kadiri nilivyoweza, na kuipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Kizuizini mgambo wawili walisoma kikaratasi changu. Mmoja akafungua la kushoto, akabonyeza gunia kwa kiganja.

"Nguo?"

"Nguo. Za mama wa balozi."

Akafunga. Mwenzake alikuwa tayari amezama katika la kulia. Alipima ndani kwa kijiti, akapima nje, akagonga chini, akaniuliza sehemu nyingine imekwenda wapi. Nilimwonyesha ekzosi. Aliigusa kuhakikisha kama kweli ina moto, na ilikuwa nao. Mwenzake alicheka mpaka akaketi, nasi tukaachana kwa amani.

Buganguzi nilielekezwa kwenye kibanja kimoja chenye migomba minene na kahawa mbele ya nyumba. Mama mzee alikuwa amekaa juu ya nyasi zilizotandikwa ndani, miguu ameinyoosha, macho mazima kabisa. Alinipa kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo kama mgeni yeyote. Nilimkabidhi mzigo. Hakuufungua. Aliupapasa kwa vidole, akausukuma nyuma yake.

"Nani ameuona njiani?"

"Hakuna, waitu," nikasema, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Na wewe?"

"Mimi nimebeba tu."

"Mtu aliyebeba tu," akasema, "mbona amevua kofia tangu langoni, na anaongea kama yuko msibani?"

Kofia ilikuwa mapajani kwangu. Sikukumbuka kuivua.

"Bojo, mwanangu, usiogope. Mimi ndiye niliyeitaka. Nilimwambia, ukinizika katika shuka za dukani nitakaa nikihisi baridi. Yeye anasimama kanisani kusema mambo hayo ya mila yaishe, na hapa nyumbani ana ndugu wanne. Wakiiona imetoka kwake watasema ananiharakisha apate kibanja." Alicheka kidogo, akakohoa. "Labda hata watasema kweli. Nani ajuaye. Lakini ameileta."

"Ameileta, waitu."

"Basi umwambie nimeipokea. Usimwambie umeiona. Ataona haya kukutazama, na mtu mwenye haya hugeuka mkali. Nahitaji awe mpole siku zilizobaki."

Nilimwahidi.

Nilirudi Bukoba kesho yake mchana. Balozi alikuwa kibarazani, na juu ya meza ndogo palikuwa na karatasi, kalamu na muhuri. Barua ilikuwa imeandikwa nusu.

"Ameupokea?"

"Ameupokea, mzee. Anakusalimu."

"Ulikuwa mikononi mwa nani mwingine?"

"Mwa mgambo mmoja. Alibonyeza gunia, basi."

Aliinua kalamu, akaishusha. Sijawahi kuona mtu akiogopa jibu namna ile, na yeye ndiye aliyekuwa na muhuri.

"Wewe uliufungua?"

Ningesema ndiyo, barua ingechanwa, na ningeivunja ahadi niliyompa mama yake. Ningesema hapana, ahadi ingebaki na barua ningeipata. Mambo hayo mawili yalikuwa yamelala pamoja vizuri mno, na kitu kinacholala vizuri namna hiyo mimi hukishuku. Mpaka leo sijui nilimfichia mama au nilijitafutia barabara.

"Sikufungua, mzee."

Akashusha pumzi. Akamalizia barua taratibu, kwa mwandiko wa watu waliosoma misheni, akagonga muhuri, akaipulizia wino ukauke. "Zifunge vizuri hizo kufuli," akasema. "Barabara ina watu wa kila aina." Alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili.

Niliondoka Jumatatu. Katika masanduku nilikuwa na blanketi, sufuria, tyubu mbili za akiba na unga, na unga haukuingiwa na tone la mvua mpaka Mwanza. Kizuizini nilikuta mgambo yule yule wa kijiti. Aliikunjua barua akaisoma kwa sauti, maana alikuwa amejifunza kusoma juzi juzi katika kisomo cha watu wazima na hakutaka kupoteza nafasi. Iliandikwa: mchukuaji wa barua hii ni mkazi wa nyumba zangu kumi, ninamfahamu, ni mwaminifu, na asisumbuliwe.

"Mwaminifu," akarudia, akinitazama usoni kana kwamba neno hilo limeandikwa pale. Nilikuwa nimeshashika funguo, nimeinama kwenye kufuli ya kushoto.

"Acha," akasema. "Hapa pameandikwa."

Akainua mti wa kizuizi. Nilibaki nimeinama na funguo mkononi, nikitamani alifungue sanduku kuliko kuliamini neno lile.