Mafuta ya Rahma na Nadharia za Shemeji

Hakuna kitu kilichomchosha Rahma kama semina ya shemeji yake. Abdulkadiri, mdogo wa marehemu mumewe, alitoka Tanga baada ya msiba akahamia Singida mjini, ili wasaidiane kuendesha mashine ya kukamua alizeti. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara, na semina zilikuwa nyingi kuliko mvua. Akaenda moja Dodoma, ya maadili ya biashara, akarudi na begi la plastiki, kalamu na nadharia tatu.

Rahma alikuwa na swali moja tu. Alizeti ilikuwa imeadimika, na mjini yalikuwa yameingia mapipa ya mawese kutoka nje, bei ya kutupa. Wakamuaji wenzake karibu wote walikuwa wanachanganya kimyakimya. Je, na wao wachanganye?

"Inategemea, shemeji," alisema Abdulkadiri, akijiweka sawa kitini. "Kuna wanaotazama matokeo. Jambo likiwafaa wengi, ni jema. Wengine wanasema hapana, jiulize kwanza: kila mtu akifanya hivi, dunia itakalika? Na wapo wasiouliza habari ya kitendo. Wanauliza wewe unakuwa mtu wa namna gani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakupa uwanja wa kufikiri."

Rahma alitamani kumrushia kopo. Uwanja alikuwa nao, nyuma ya mashine, umejaa mashudu yasiyonunuliwa. Alichotaka ni jibu.

Wiki nzima ikawa hivyo, chai na nadharia, ugali na nadharia. Mwishowe Abdulkadiri akaangukia kwenye matokeo: wakichanganya, watu wa hali ya chini watapata mafuta kwa wingi.

"Basi tuwaambie yamechanganywa," alisema Rahma.

"Tukiwaambia hawatanunua."

"Kwa hiyo nadharia yenyewe inafanya kazi mradi watu wasijue?"

Abdulkadiri akacheka, akamwambia angeng'ara sana kwenye semina. Rahma alikasirika, na hasira zake zilikuwa za haki kabisa, ila kesho yake alichanganya. Hakuna aliyemlazimisha. Mashine ilikuwa imesimama, na yeye alikuwa amechoka kubishana.

Madumu ya mchanganyiko huo alipewa Simeoni, mkulima wa Mwankoko, mtu mzima mwenye familia yake, aliyekuwa akimpelekea mafuta kwa baiskeli hadi mnadani Ikungi. Kule watu walinunua kwa kauli yake. Alikuwa akimimina kidogo kiganjani, anaramba mbele yao, anasema, "Ya Mama Ziada haya, alizeti tupu," maana ndivyo wateja walivyomwita Rahma. Rahma hakuwahi kumwona akifungua dumu pale uani ili akague. Alikuwa akipokea, anafunga kwenye baiskeli, anaondoka.

Sasa, mtu aliyekulia Tanga atajuaje baridi ya Singida mwezi wa sita? Lakini Rahma, mzaliwa wa hapa hapa, anayeota moto jikoni kila asubuhi ya kipupwe, alisahauje kwamba mawese yakipigwa na baridi huganda? Simeoni alifika mnadani asubuhi mapema, upepo wa baridi ukivuma, akafungua dumu mbele ya wateja, akainamisha. Likatoka donge jeupe. Watu walicheka kwanza, halafu wakamwita mwizi.

Alirudi na madumu yote.

"Shikamoo, Mama Ziada."

"Marahaba, Simeoni."

"Nimewaambia ni alizeti tupu," alisema, akiyashusha taratibu. "Wale nakaa nao benchi moja kanisani, Mama."

"Yaanike juani," Abdulkadiri akadakia. "Kufika saa nne yatakuwa yameyeyuka yote."

"Nyamaza!" Rahma alipaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Nimesema nyamaza, wewe na semina yako!"

Mnada uliofuata alipanda lori mwenyewe. Akayapanga madumu makundi mawili, akasimama katikati ya watu, uso unawaka kwa aibu. "Haya nimechanganya na mawese. Ni mimi, siyo Simeoni. Haya ni alizeti tupu. Chagueni."

Walimzomea. Kisha, kwa kuwa ya mchanganyiko aliyashusha bei, wakayanunua mpaka yakaisha. Rahma almanusura alie kwa hasira. Ndiyo hivyo tu? Mabishano yote yale, na kilichohitajika kilikuwa kusema?

Aliporudi alikamua alizeti safi kwa mkono wake, akamwita Simeoni. Akaja, akaamkia kama kawaida, akapokea dumu. Lakini hakulifunga kwenye baiskeli. Alilibeba hadi kwenye ukuta wa uani, upande unaopigwa na upepo, akaliweka juu.

"Nimeyakamua leo hii, Simeoni. Hayana kitu."

"Nimesikia, Mama. Nitayapitia kesho asubuhi, baridi ikishayapiga usiku kucha."

Abdulkadiri akafungua mdomo. Rahma akamtazama, naye akaufunga.

Kulipopambazuka Rahma alijifunga kitenge mabegani, akatoka uani akitetemeka, akafungua kifuniko. Mafuta yalikuwa majimaji, hayakuganda, yanang'aa. Alijua yatakuwa hivyo. Ameyakamua mwenyewe, na bado alikuwa ametoka kuhakikisha. Akarudisha kifuniko, akasimama kando ya ukuta kumsubiri Simeoni aje aone kwa macho yake.