Vidole vya Georgette

Georgette ni mjane wa kaka yangu Frédéric, kwa hiyo ni wifi yangu. Nyumba yake na yangu hapa Kavimvira zinatenganishwa na kamba ya kuanika nguo tu. Nasema hivyo mjue kwamba haya sikusimuliwa. Niliyaona, nikayafokea, na mpaka leo yananiuma.

Kazi yake ni kupika sabuni ya mawese. Miaka ishirini na kitu amekuwa akikoroga mafuta na soda ile inayochoma ngozi, na glavu hakuwahi kuvaa. Alisema zinamzuia kujua kama sabuni imeiva. Anachovya kidole, anasugua, anasema "bado" au "tayari", na hakosei. Pia ni mbishi, jamani! Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza kuhakikisha.

Sasa mtu mbishi hivyo alinaswaje na kikundi cha Papa Herménégilde? Kwa maji. Ule mwaka ziwa lilipopanda likaingia majumbani, chumba chake cha mbele kilijaa mpaka magotini. Kipindupindu kilikuwa kinatembea, bunduki zinalia kule juu milimani Bijombo, na watu wa uwanda wanakimbilia kwetu na magodoro kichwani. Herménégilde ni chef wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, na ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi. Alikuja na buti za mpira na ndoo, akachota maji na Georgette siku mbili bila kuhubiri neno. Siku ya tatu ndipo akamwambia, "Mama Amandine, unaona dalili? Mwisho umefika mlangoni." Mtu aliyekuchotea maji siku mbili utamjibu nini? Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa mengine.

Fundisho lake kubwa lilikuwa chapa ya mnyama. Kwamba siku za mwisho hakuna atakayenunua wala kuuza bila chapa mkononi au kwenye paji la uso, hilo kila Mkristo amelisikia, hata sisi Wakatoliki, ingawa padri wetu halipigii kelele. Lakini Herménégilde aliongeza la kwake: chapa inaanza na mashine ya alama za vidole. Ukishaweka kidole juu ya kile kioo chenye taa, mnyama amekuandika. Basi Jumapili moja kikundi kizima kilikusanya kadi za uchaguzi, zile tunazotumia huku kama kitambulisho, wakazichoma ili wajifute kwenye kitabu cha mnyama. Wapi? Chini ya sufuria ya sabuni ya Georgette! Nilipita nikasikia harufu ya plastiki, nikadhani mtu ametupa kandambili motoni.

"Wifi," nikamwambia, "bila kadi utavukaje mpaka kwenda kwa Amandine?"

"Bwana akirudi hakuna mpaka."

"Na asiporudi mwezi huu?"

"Weye Fabiola, huo mdomo wako utakuchelewesha mbinguni."

Amandine ni mtoto wake wa pekee. Ameolewa ng'ambo, Bujumbura, na Niyonzima, fundi wa kushona. Asubuhi hewa ikiwa safi tunaiona Bujumbura kutoka hapa, mabati yanametameta. Miezi minne baada ya kadi kuungua, Amandine akapiga simu: ana mimba, ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, na daktari amesema huenda watampasua. "Maman, kuja mapema. Minye naogopa."

Kwetu uzazi wa kwanza si jambo la kumwachia mkwe. Mama mzazi ndiye anamwogesha binti na maji ya moto, anamkanda, anamfunga tumbo na kitenge, anampikia uji. Binti atavuliwaje nguo na mama mkwe? Ni haya. Na mama asiyekwenda, watu watauliza kama amekufa au amemkana mtoto.

Lakini mpakani hawakupi karatasi ya kuvuka bila kitambulisho, na siku hizi askari hawacheki na mtu. Mitumbwi imekatazwa. Mto Ruzizi wa mpakani una viboko na bunduki. Njia ilikuwa moja tu: aende biro ya vitambulisho akaweke kidole.

Wiki tatu nilipigana naye. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamnunia, nikarudi kumbembeleza. Alikwenda kwa Herménégilde kuomba ruhusa. Yule bwana akamkumbusha kwamba Maandiko yenyewe yanawasikitikia wenye mimba wa siku zile, kwa hiyo taabu ya Amandine nayo ni dalili, aipokee. Aka! Nilitaka kumpiga na mwiko.

Georgette akaacha kuimba, kisha akaacha kula. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya sufuria iliyopoa, anaitazama mikono yake.

"Wifi," akasema, "nikiweka kidole, nakosa mbingu. Nisipoweka, mwanangu anazaa kama yatima. Niambie mlango uko wapi."

Nililia tu, mimi ambaye nilikwenda kumgombeza.

Jumatano akanigongea amevaa kitenge chake kizuri. "Twende. Kama ni moto, niungue mimi, Amandine asiwe peke yake." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Biro ilikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika, karani, kijana mpole, akamwambia, "Maman, kidole cha kuume, hapa juu ya taa." Georgette akafumba macho, akaweka. Mashine ikalia *tii*, ikakataa. Cha pili, ikakataa. Gumba, hivyo hivyo. Mkono wa kushoto, vyote vitano, hakuna. Karani akapangusa kioo, akapangusa vidole.

"Vimekauka," akasema. "Sugua kidogo kwenye paji la uso upate mafuta, halafu urudishe mkono."

Paji la uso, halafu mkono! Georgette akafumba macho tena. Akapeleka vidole kwenye paji la uso, akasugua, akavirudisha kwenye taa. *Tii.* Hapo akaanza kumbembeleza karani kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mtoto wangu, jaribu tena. Nimekubali, weye jaribu tu. Nimekubali!" Karani alijaribu mpaka watu wa nyuma wakanung'unika.

"Maman, unafanya kazi gani?"

"Sabuni."

"Basi ni soda. Imefuta alama zote. Lakini usilie. Leta barua ya chef wa avenue kuthibitisha kwamba weye ni weye, tutakuandika bila vidole."

Bila vidole! Nilipiga vigelegele humo ndani. Apate kadi, avuke, na vidole vyake vibaki salama kwa Bwana. Mungu akupe nini tena? Nilikuwa nimesahau chef wa avenue ni nani.

Na sikuwa nimemwona Mapendo. Huyo ni mwanamke wa kikundi, anauza karanga mlangoni pa biro. Alichosikia yeye ni mashine kulia na karani kusema alama zimefutwa. Hakungoja mengine. Sisi tulipofika nyumbani na miguu yetu, kikundi kilishajaa uani, kinaimba, na Herménégilde akaishika mikono ya Georgette akaiinua juu.

"Mnyama alimtaka, Bwana akafuta vidole vyake! Tazameni! Ni laini kama vya malaika!"

"Ni soda!" nikapiga kelele. "Ni soda ya sabuni, nyie watu!"

Nani alinisikia? Georgette akamvuta Herménégilde pembeni, akapiga magoti, akamwomba ile barua. Mistari miwili tu na muhuri. Yule bwana akamwinua kwa heshima kabisa, machozi yakimtoka, machozi ya kweli. "Mama, Mungu amekutoa katika kitabu cha mnyama kwa mkono wake mwenyewe. Minye ni nani nikurudishe?" Bora angekuwa tapeli, ningejua pa kumshika. Tulikwenda kwa mkubwa wake, chef wa quartier nzima, akaturudisha: barua lazima ianzie kwa chef wa avenue.

Jumapili wakamsimamisha mbele atoe ushuhuda. Nilikwenda, nikasimama dirishani. Mapendo alikuwa amenyoosha simu yake kurekodi. Georgette akashika kipaza sauti, akawatazama.

"Ni kweli mashine ilikataa vidole vyangu," akaanza.

Kelele, haleluya, vifijo. Akangoja zipoe.

"Lakini minye nilikuwa nimekubali. Nilikwenda kwa miguu yangu. Nilimlilia yule karani aniandike. Nilitaka kwenda kwa mwanangu. Kama hiyo ni dhambi, ni yangu. Naomba barua tu."

Nikasema moyoni, sasa mlango umefunguka. Herménégilde akamkumbatia, akachukua kipaza sauti. "Mmesikia? Yeye alishindwa, lakini Bwana hakumwachilia! Hata ukitaka kupotea, Yeye anakushika!" Wimbo ukapasuka mpaka mabati yakatikisika. Georgette alisimama katikati yao mikono ikining'inia. Kweli aliisema yote, wakaichukua nayo.

Jumanne Niyonzima akapiga simu. Amandine amepasuliwa, yu hai, mtoto ni msichana, yu mzima. "Mama mkwe ndiye anamwogesha," akasema. Georgette akamshukuru, akamshukuru tena, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Alhamisi akaniomba niende badala yake. Mimi kadi ninayo. Alinipa unga wa uji, vitenge viwili na vipande sita vya sabuni nyeupe, ile anayopika kwa ajili ya watoto wachanga.

Kule Bujumbura nilimkuta Amandine amelala ubavu, amekonda, mtoto pembeni yake ana nywele nyingi. Nilifungua mzigo. Hakuutazama.

"Shangazi," akasema, "ni kweli Maman alikataa kuja?"

"Nani amekudanganya?"

Akachukua simu, akabonyeza. Ushuhuda ulikuwa umezunguka WhatsApp mpaka Bujumbura. Sauti ya Georgette: *Ni kweli mashine ilikataa vidole vyangu.* Halafu haleluya. Iliishia hapo. Walikuwa wameikata, na maneno ya Herménégilde yakabandikwa juu yake: huyu ndiye mama aliyekataa chapa ya mnyama, hata binti yake alipokuwa anazaa.

Nilimweleza. Nilimwapia kwa kaburi la baba yake. Nilimweleza habari ya paji la uso, ya magoti, ya barua, nikaimaliza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamvuta mtoto kifuani.

"Usimtetee, Shangazi. Nimesikia sauti yake mwenyewe. Mwambie abaki na mbingu yake. Mtoto wangu asimngoje."

Nililala siku mbili, nikamwogesha mtoto, nikarudi. Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia Georgette, na kila namna ilikuwa ya kumuua. Nilipofika mpakani upande wetu nilimkuta amesimama kwenye kizuizi, pale pale askari wanapowazuia wasio na karatasi. Sijui alisimama tangu saa ngapi.

"Amesema nini?"

"Anakusalimia."

"Kweli?"

"Kweli. Anasema upate kadi haraka uje umwone mtoto."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu ile simu ya Amandine, alicheka, akanishika mkono kwa vile vidole laini, akaniuliza jina la mtoto, anafanana na nani, analia sana au kidogo. Nikawa namjibu. Tulipofika kwake, watu wawili kutoka Luberizi, mbali kule uwandani, mzee na mkewe, walikuwa wameketi mlangoni. Walitoka alfajiri, wakasema, waje kugusa mikono yake.