Mawingu Meupe ya Endebess

Kosa langu la kwanza kuhusu mawingu lilikuwa kuamini picha. Nilikuwa na karatasi iliyochanwa kutoka kitabu cha Kizungu, ambayo mwenye duka alifungia chumvi, nayo ilinuka mafuta ya taa mpaka ilipochakaa. Ilikuwa na picha za mawingu ya aina mbalimbali juu ya malisho ya kondoo, na chini ya kila picha maelezo mafupi. Nilijifunza maneno yale peke yangu, moja baada ya jingine, nikichora kila wingu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni na kulifuta kila lilipokosa kufanana kabisa. Mawingu membamba kama manyoya, karatasi ilisema, huleta mabadiliko. Yale meupe ya mafungu mafungu, bapa chini na mviringo juu, ni dalili ya hali njema. Nikayakariri. Haikunijia hata kidogo kwamba aliyeyaandika huenda hajawahi kuuona Mlima Elgon.

Wakati huo, vita vikubwa vikiwa vimekwisha, tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Endebess, ambako baba alilima kwa maksai. Pale hali ya hewa ilikuwa mikononi mwa wapumbavu. Mwenye shamba aligonga kioo cha kipimo chake kila asubuhi kama mtu anayeamsha mlevi, kisha mahindi yake yakanyeshewa kama ya kila mtu. Nyapara wetu, Barasa, alisimama nje ya dirisha la mzungu kusikiliza redio ya Kiingereza asichokielewa vizuri, halafu akaja kututangazia akiwa amefunga mikono nyuma, kana kwamba hewa aliitengeneza yeye. Taarifa ilikuwa ile ile: mvua sehemu chache, jua sehemu nyingine. Hata maksai wangeweza kutabiri hivyo. Niliwadharau wote wawili, na dharau hiyo ilinipendeza kwa sababu mimi nilikuwa na karatasi.

Mwaka ule kaka yangu Wekesa alikuwa atahiriwe. Kwetu Wabukusu tohara hufanywa Agosti, kila baada ya miaka miwili, na haifanyiki bila busaa, pombe yetu ya nafaka. Kijana mwenyewe ndiye humimina maji kwenye mtungi wa kuipikia. Busaa huhitaji kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa juani, likasagwa. Wimbi lilikuwa haba. Mama alilikusanya kidogo kidogo kwa ndugu zake wa Misikhu, na hapakuwa na jingine. Wekesa alikuwa ameshaanza kuzunguka na kengele zake za mkononi akiwaalika jamaa.

Asubuhi ya kuanika, mama alitazama juu akasita.

"Anika tu, Mama Wekesa," Barasa akasema. "Leo ni kavu kabisa. Redio imesema."

"Na haya mawingu?"

Nikajibu mimi. "Hayo ni ya hali njema, mama. Meupe hivyo hayana maji."

"Si unasikia?" Barasa akacheka. "Hata mwalimu wa karatasi ya chumvi amekubali."

Mama akakianika kimea juu ya mwamba, mbali na nyumba, akaenda kutafuta mtungi. Mimi kwa kuwa na hakika sikukaa karibu. Nilipanda kilimani kuyatazama mawingu yangu. Yale mafungu meupe yakapanda, yakajazana, yakawa mnara, na chini yake pakawa peusi kama kitako cha sufuria. Niliyalinganisha na picha, na bado nikajiambia kwamba yaliyokosea ni mawingu. Nilipoanza kukimbia, mvua ya mawe ilikuwa tayari inanipiga kichwani. Nilipofika mwambani, kimea chote kilikuwa kimesombwa mtaroni, kimechanganyika na tope na mavi ya ng'ombe.

Barasa alipoulizwa hakuona haya. "Redio ilisema Kitale," akasema. "Hapa ni Kitale?"

Wekesa alivua kengele zake, akaziweka chini taratibu, akanitazama.

"Wewe ungenyamaza tu. Nani alikuuliza?"

Alingoja miaka miwili. Wenzake walirudi wakiwa wanaume, yeye akabaki kuchunga na sisi watoto, mrefu kuliko wote. Walipopita njiani walimwita omusinde, jina la asiyetahiriwa, na yeye aliinamisha kichwa akiwafuata ng'ombe.

Sasa mimi ni karani Bungoma. Taarifa ya hali ya hewa hubandikwa mlangoni kwetu ikiwa imepigwa chapa vizuri, na bado ni mvua sehemu chache, jua sehemu nyingine. Naidharau, lakini si kama ninavyomdharau yule mtoto aliyemwondolea mama yake shaka iliyokuwa sahihi. Mawingu siku hizi nayajua vizuri zaidi, kwa kuyatazama yenyewe, na bado nayatazama mara ya pili kabla ya kusema lolote juu yake. Wekesa ana mke, watoto na nyumba ya bati. Wakiwa na kitu cha kuanika, yeye na mkewe hutoka nje wakatazama upande wa mlima. Mimi hawaniulizi.