Kahawa Iliyowekwa Chini

Baba alinituma Izki, mji tuliokaa zamani. Usinicheke, najua mwanamke mwenye wajukuu kutumwa na baba yake kama anayeagizwa chumvi dukani si jambo la kila siku. Lakini Baba hatoki tena kitandani huko Maskati, Kiarabu kimeanza kumponyoka, na sasa anazungumza Kiswahili tu, kile cha Unguja alikozaliwa. Alinishika mkono akanambia, "Mwanangu, nenda kwa watu wa jirani. Kaniombee radhi. Na ukitiliwa kahawa, unajua la kufanya." Nikamwambia, "Najua, Baba."

Basi nikaenda. Barabara siku hizi ni lami safi, hata mgongo haujaanza kuuma nimeshafika. Nyumba tuliyokuwa tukikaa imebaki ukuta mmoja wa udongo, mvua imeulamba kingo zote. Ya jirani imevunjwa, imejengwa ya saruji. Aliyenifungulia mlango ni mjukuu wake, msichana wa ofisini, mchangamfu, aliyezaliwa babu yake keshazikwa zamani. Alinikalisha, akaniwekea tende, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Harufu ya iliki ikapanda, nami nikarudi utotoni pale pale nilipokaa.

Tulihamia Izki mimi sina meno ya mbele. Ni miaka ile nchi ya babu zetu ilipofunguliwa, na sisi tuliotawanyika tukaitwa turudi kwetu. Kwetu nilikokujua mimi ni Unguja, vichochoro vyenye harufu ya karafuu na mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Izki nilikuta mawe, jua na milima isiyo na hata jani. Mama, nyumba tuliyoiacha hakuililia. Alililia nazi. Alikaa jikoni na samaki mkavu mkononi, akauliza atautia nini mchuzi, na machozi yakaanza kumtoka.

Kilichotutuliza ni falaj, ule mfereji wa maji yanayotoka chini ya mlima na kupita katikati ya mitende. Juu kabisa watu walichota ya kunywa, chini kidogo wakaoga, chini zaidi tukafua, kisha maji yakaenda mashambani kwa zamu. Walikuwamo visamaki vidogo vilivyokuja kudonoa vidole vya miguu, na mimi nilikuwa nacheka mpaka Mama ananifinya. Asubuhi za baridi maji yalikuwa na uvuguvugu, na moshi mwembamba ulikuwa ukielea juu yake. Wanawake wa pale walituita Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, hawakutuita kwa ubaya, lakini hawakuacha. Hiyo "Wazinjibari" ilimuuma Baba kuliko tusi. Yeye kabila lake limetoka bonde lile lile, babu zake wamezikwa pale, na bado Kiarabu chake kilipofika kwenye herufi nzito watoto walimwigiza.

Jirani yetu alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye shamba la mitende ya fardh, tende za kule, lililopakana na uwa wetu. Ndiye wa kwanza kutuletea chakula tulipofika. Ndiye aliyenifundisha kujua zamu ya maji kwa kutazama kivuli cha mti uliosimikwa. Nikikosea, hakunirekebisha, aliningoja nijikosoe mwenyewe. Mama alikuwa akimpelekea mkate wa kumimina kila Ijumaa, naye anarudisha sahani na ndimu juu yake, kwa sababu, alisema, sahani ya jirani hairudi tupu. Mama akafurahi mno, maana hata Unguja tunasema hivyo hivyo.

Baba alipata kazi kwa ajili ya Kiingereza chake. Kampuni ya mafuta ilikuwa ikipima ardhi chini ya milima: wanachimba vishimo, wanatia baruti, wanairipua, kisha wanasikiliza mtikisiko kwa vyombo vyao. Bwana mkubwa wao alikuwa Mwingereza, na Baba akawa mkalimani wake. Ijumaa anarudi na gari la vumbi, na ndani yake mna mabati ya biskuti, maziwa ya unga, siagi ya kopo. Mchuzi wa Mama ukapata kitu cha kuutia. Mimi nilikuwa nikikaa mlangoni na biskuti yangu, nakula polepole ili nionekane. Usiku Baba alinifundisha Kiingereza kwa taa ya kandili, akisema lugha hiyo ndiyo iliyotupa kula.

Alasiri moja jirani akaja nyumbani peke yake, amevaa kilemba cha sikukuu na jambia kiunoni. Baba alifurahi mpaka akapotea. Mzee wa watu wa pale, kuja kwetu, na jambia! Akamkalisha pahala pa heshima. Mimi nikamimina kahawa. Jirani akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, hakuigusa tena.

Baba akanitazama. Mama alikuwa ametia tangawizi, kama kwao, na Baba akadhani mgeni haipendi. Nikatumwa jikoni, Mama akapika nyingine ya iliki tupu, nikaleta. Jirani akaiweka chini nayo, kando ya ile ya kwanza. Kisha akasema haja yake. Alama za kampuni, vile vijiti vyenye vitambaa vyekundu, zimesimikwa karibu na kisima mama, kile kisima kirefu cha mlimani ambamo falaj yote inazaliwa. Baruti ikiripuka pale, mwamba utapasuka na maji yatatafuta njia nyingine. Alimwomba Baba amwambie Mwingereza wasogee, hata mwendo mdogo tu.

Baba alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, lakini macho yake yalikuwa kwenye zile finjani mbili zinazopoa. Kwetu Unguja, mgeni kuacha kahawa ni kama kukupiga kofi. Akasema kwa Kiarabu chake bora kabisa, "Kunywa kahawa yako, ammi. Kunywa, tafadhali."

Uso wa yule mzee ukafunguka. Akainywa ya kwanza, akainywa na ya pili, akatikisa finjani kuonesha kuwa imetosha, akasimama, akambusu Baba begani. Baba akamsindikiza hadi njiani, akarudi amejaa furaha. "Umeona?" akamwambia Mama. "Ilikuwa tangawizi tu."

Kesho yake Mama alirudi kutoka falaj na nguo zinachuruzika, hata kuzikamua hakuzikamua. Wanawake walikuwa wamemkumbatia, mmoja wao kalia, wanamwambia Mungu amlipe mumewe aliyeusitiri mji.

"Umemwahidi nini yule mzee?" Mama aliuliza.

"Mimi? Sijamwahidi kitu. Nimemkaribisha kahawa."

Mama akamweleza alivyoelezwa. Kwa watu wa pale, mwenye haja nzito anaweka kahawa yake chini. Mwenye nyumba akimwambia anywe, amemwambia haja yako imekubaliwa. Hakuna haja ya kuapa, na baada ya hapo mwanamume harudi nyuma.

Namkumbuka Baba alivyokaa chini kwenye sakafu, kanzu yake nyeupe na vumbi lote lile. Mama akamwambia, "Nenda kamwambie hukujua. Mgeni kipofu ingawa ana macho, atakuelewa." Baba akampandishia sauti, mara ya kwanza kumsikia. "Mimi si mgeni! Nikamwambie nini? Kwamba Mwarabu mimi, mtoto wa hapa hapa, sijui ada ya wazee wangu? Watatuita Wazinjibari mpaka kiama." Hakwenda. Alisema atazungumza na Mwingereza, kwani Mwingereza ni mtu mzuri.

Na alikuwa mtu mzuri, hilo ndilo linaloniudhi hata leo. Alikuja mwenyewe mjini, akavua viatu, akakaa chini na wazee kwenye sabla, ule ukumbi wao wa mashauri. Baba kando yake. Mimi nilifuata gari la biskuti kama kawaida yangu, nikachungulia dirishani. Wazee wakasema habari za kisima. Mwingereza akajibu taratibu, akijifuta jasho, na kwa sababu Baba alinifundisha vizuri nilielewa karibu yote. Alisema anasikitika. Alisema ramani haikuchorwa na yeye, na hata wakubwa wake hawakuamua peke yao. Tangu zamani, kabla yeye hajazaliwa, mtawala wa nchi hii alitakiwa kuweka neno kwamba hampi mtu yeyote mafuta yaliyo chini ya ardhi yake mpaka serikali ya Uingereza iridhie. Kama mtawala mwenyewe hakuachiwa kuchagua, alisema, mimi naweza kusogeza nini?

Nilimngoja Baba ayafasiri maneno hayo. Baba akasema kwa Kiarabu, "Anasema, insha Allah, serikali italitazama."

Jirani hakumtazama Mwingereza. Alimtazama Baba, akasema pole pole, "Mwambie hivi. Mkalimani wako aliniambia ninywe kahawa yangu. Kwetu hilo ni neno la mwanamume. Muulize, neno la mkalimani wake lina uzito gani kwao?"

Baba akamgeukia Mwingereza na kwa Kiingereza kile kile cha kandili akamwambia, "Mzee anasema ameipenda kahawa yetu."

Mwingereza akatabasamu. Akaweka mkono kifuani, akamwinamia jirani kwa furaha. Yule mzee hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini tabasamu haihitaji mkalimani. Akamtazama Baba kidogo, akajua. Akasimama, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Mimi niliondoka dirishani masikio yanawaka. Sijawahi kuona aibu namna ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana pale mjini aliyejua Kiingereza ni Baba na mimi tu.

Baruti ikalia wiki ile. Sahani za Mama zilitetemeka kabatini, basi. Maji yakaja machafu siku chache, yakasafika, kisha yakaanza kupungua. Haki isemwe: mvua nayo ilikosa, na wengine wakaleta mashine za kuvutia maji. Nani atajua? Lakini visamaki viliondoka, na mwaka uliofuata jirani alikata mitende yake ya ukingoni, mmoja baada ya mmoja, shoka lake tunalisikia tukiwa tunakula.

Hakututupa. Ndiyo mateso yenyewe. Kila Idi alikuja na tende, na Mama bado akapeleka mkate wake, na sahani ikarudi na ndimu, ndogo ndogo sasa, kavu. Ila kwetu alikuwa na namna mpya ya kunywa. Akishakabidhiwa finjani haikai mkononi. Anaimaliza pale pale ikiwa ya moto, hata kabla hajakaa vizuri, asije mtu akadhani ana haja na nyumba ile. Nilimwona Baba akitazama pembeni. Hatukukaa muda mrefu, tukahamia Maskati, na mafuta yakatujengea nyumba yenye vyoo viwili, na mimi nikasoma, na wala sitaki kujifanya sikuyafaidi.

Basi, rafiki yangu, nilikuwa nimekaa kwa yule msichana, na finjani nimeiweka chini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima.

"Khala, mbona hunywi?" akaniuliza. "Imepoa? Au nikuletee Neskafe?"

Nikamtazama. Macho ya babu yake, yale yale, na hamna ndani yake hata chembe ya kukielewa anachokiona. Nikamuuliza kwa upole kama anajua kwa nini mtu anaweka kahawa chini. Akacheka, akasema labda ana presha. Nilitaka kumweleza. Ningemweleza, ingenibidi nimwambie na ya kisima, na shoka, na tabasamu ya Mwingereza, na ulimi ukawa mzito. Akanisukumia finjani karibu. "Kunywa kahawa yako, khala. Kunywa."

Nikanywa.

Jioni nilipiga simu. Baba hakuuliza habari za mji, wala nyumba, wala falaj, ambayo sasa imesakafiwa vizuri kwa ajili ya watalii na chini yake maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Alisema kwa kile Kiswahili chake, pumzi zinakatika, "Uliiweka chini?"

"Niliiweka, Baba."

"Wakakwambia unywe?"

"Waliniambia."

Nikamsikia analia, analia na kumshukuru Mungu, na nesi anamuuliza kwa Kiarabu kuna nini. Hapo ndipo ningemwambia kuwa yule binti hakujua alichokisema. Sikumwambia. Nilimwambia kahawa ilikuwa nzuri.